Uhakiki wa Sala ya Nia Njema

Kuna utungo mmoja wa Kiswahili ambao pengine husemwa kwa moyo, alfajiri baada ya alfajiri, na watu wengi kuliko shairi lolote la Muyaka bin Haji au la Shaaban Robert; walakini katika miaka yote niliyofundisha fasihi sijapata kuuona ukitiwa katika mtihani, wala ukichambuliwa darasani. Utungo huo ni sala ya asubuhi ya Wakatoliki iitwayo Nia Njema. Huchapwa katika vitabu vidogo vya sala bila jina la mtungaji, na mtoto wa Kikatoliki huujua kabla hajajua kusoma, kwa kuwa hufunzwa kwa sikio, sawasawa na mtoto wa chuoni afunzwavyo Alhamdu. Nimekusudia kuusoma hapa kama tusomavyo utungo mwingine wowote: umeundwaje, wasema nini, na je, waitimiza kazi uliyojitwika?

Najua wako watakaoona kuwa sala si kitu cha kuhakikiwa. Hoja yao naiheshimu, lakini siikubali. Kitu ambacho watu hukisema kila siku ndicho kinachostahili kupimwa kuliko vyote, maana kile tusemacho mara moja chaweza kuwa na kasoro bila madhara makubwa, ila kile tukirudiacho mara elfu hutufinyanga kwa uzuri wake na kwa upungufu wake pia. Nami mwenyewe nilifinyangwa nacho. Nilikulia katika kijiji kimoja cha bara ya Lindi, upande wa Nyangao, mikononi mwa bibi mzaa mama, na sala hii niliisema kwa sauti kila kukicha mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Msomaji ajue basi kwamba sihukumu kama mgeni.

Kazi ambayo sala hii imejitwika ni nzito. Yadai kwamba siku nzima ya mtu wa kawaida, tangu jembe la asubuhi hata usingizi wa usiku, yaweza kugeuzwa kuwa njia ya kumkaribia Mungu, ikiwa tu mtu huyo ameielekeza tangu mwanzo. Dai hilo si geni katika Kanisa. Mtakatifu Fransisko wa Sales alitoa mwaka 1609 kitabu kizima kuonyesha kwamba ucha Mungu haukuwekwa kwa ajili ya watawa peke yao, bali fundi, mtumishi, mjane na mke aliyeolewa wana wao, kila mmoja kwa kadiri ya hali yake. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa iliyotolewa Novemba 1964, ulitenga sura nzima, nayo ni ya tano, kufundisha kwamba waamini wote wameitwa kwenye utakatifu. Lakini huku kwetu, kabla ya Mtaguso huo, Misa ilipokuwa ingali ikisomwa kwa Kilatini, sala za nyumbani zilikuwa zimekwisha kusemwa kwa Kiswahili. Maana yake ni kwamba mkulima wa Lindi alimsikia padre akisema na Mungu kwa lugha asiyoielewa, lakini alipotaka kumpa Mungu siku yake, aliitoa kwa lugha ya shambani mwake.

Tuutazame sasa umbo lake. Nia Njema ni mfululizo wa mishororo mifupi iendayo miwili miwili, kila jozi na kina chake. Mizani ni kiasi cha nane, ile mizani ya utenzi. Lakini si nane kamili kila mahali, maana baadhi ya mishororo huzidi kwa moja au kwa mbili. Mtu aliyelelewa katika tenzi husikia kasoro hiyo upesi. Husikia pia kwamba kitu fulani kimekosekana. Katika utenzi wetu mishororo mitatu hufungwa kwa kina kimoja, na wa nne hubeba kina cha bahari kipitacho ubeti hata ubeti mpaka mwisho wa kisa. Hapa hakuna bahari, kila jozi yajifunga na kujifungua peke yake, kama ilivyo desturi ya nyimbo nyingi za makanisa ya Ulaya. Miguu ni ya pwani, kilemba ni cha ng'ambo.

Mshairi mkali angeikataa kwa sababu hiyo. Mimi nasema jozi zile zina faida ambayo utenzi usingeweza kuitoa. Utenzi ni safari. Humtaka msikilizaji atulie, kahawa ikiwa karibu. Sala hii husemwa na mtu aliyesimama, mkono mmoja ukitafuta kanga au viatu, naye aweza kuikatiza mwishoni mwa jozi yoyote na kuirudia bila kupoteza njia. Mtungaji aliijua asubuhi ya watu maskini.

Tena alijua jambo jingine kubwa zaidi. Mara tu baada ya mtu kusema kwamba amejitoa kwa Mungu, kitu cha kwanza kitajwacho si kufunga, si kusali, wala si kwenda kanisani. Ni kufanya kazi, na palepale, ndani ya mshororo uleule, kupumzika. Kusifu kunakuja mbali huko, karibu na mwisho. Mahali hapo naona ndipo penye thamani kuliko pengine pote katika utungo huu. Kazi ingetajwa peke yake, sala ingekuwa wimbo wa msimamizi wa shamba. Kwa kuitaja pumziko pamoja na kazi, mtungaji ameingiza katika ibada hata ile saa ya mchana ambapo mtu hujinyosha juu ya mkeka chini ya mkorosho, wala hafanyi lolote.

Liko na la tatu, ambalo wanafunzi wangu hawaliamini mpaka nimewaandikia viambishi ubaoni. Sala huanza kwa kumsema Mungu katika nafsi ya tatu: ni yeye, ni amri zake, ni yeye apewaye vyote. Huendelea hivyo mpaka mtu amekwisha kutoa mawazo yake, maneno yake, matendo yake, mwili na uhai wake, na kuahidi kuiacha dhambi. Hapo, bila onyo lolote, sarufi yageuka. Sasa ni jina lako, ni neema zako. Aliyekuwa akisemwa sasa anasemeshwa. Twasema sana juu ya kumkaribia Mungu, na vitabu vya dini vimejaa mifano ya ngazi na ya safari. Hapa pana kukaribia kwenyewe, kumefanywa kwa kiambishi kimoja tu. Na kumbuka kwamba kukaribia huko hakukuja mwanzoni, kwa hisia, bali baada ya orodha ya mambo ya kila siku. Mtu hawi na Mungu wa kumwambia «wewe» mpaka ametoa kwanza jembe na usingizi. Sijui kama mtungaji alikusudia hayo. Utungo umeyakusudia, na hilo lamtosha mhakiki.

Sasa nije kwenye jina lake. Nia ni neno la Kiarabu, na kwa mtu wa Kilwa ni neno la kila siku kabla ya kuwa neno la Wakatoliki. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, nia ni nguzo: swala haisihi bila ya nia iliyo moyoni wakati wa takbira ya kwanza, na saumu ya Ramadhani hutiwa nia yake kila usiku kabla ya alfajiri. Imam Bukhari aliianza Sahihi yake kwa hadithi ifundishayo kwamba matendo huhesabiwa kwa nia zake. Basi Wakatoliki walipohitaji jina la sala yao ya asubuhi, neno lilikuwapo, limekwisha kupigwa msasa kwa karne nyingi katika misikiti. Aliyelichukua alichukua pamoja nalo elimu nzima ya moyo ambayo jirani yake Mwislamu angeielewa bila kufasiriwa.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Ukatoliki ulifika Kilwa Julai 1505, pamoja na merikebu za Francisco de Almeida. Mji ulitekwa na kuporwa, na mapadre wa Kifransisko wakashuka pwani na misalaba wakiimba shukrani. Ngome ikajengwa, mwaka 1512 Wareno wakaiacha. Hawakutuachia sala hata moja. Walichotuachia ni neno, maana wataalamu wengi wasema kuwa «gereza» latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na boma lile la Kilwa Kisiwani, ambalo Waarabu wa Omani walilijenga upya baadaye, huitwa Gereza hata leo. Nyumba ya sala ya Wakristo ikaja kuitwa kanisa, kwa neno la Kiarabu. Neno la Wareno likabaki na wafungwa. Mwanafunzi wa maneno hawezi kuacha kulitazama jambo hili mara mbili. Dini iliyokuja na mizinga iliacha jina la kifungo, na dini iliyokubali kuazima maneno ya jirani iliweza kuingia nyumbani kwa watu asubuhi, wakati bado wanatafuta viatu.

Waliokuja mara ya pili walikuwa Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia. Walifungua misheni huko Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896, nyuma ya Lindi. Lakini hao nao walikuja chini ya kivuli cha dola. Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, waling'oa pamba ambayo walikuwa wakilazimishwa kuilima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 14 Agosti mwaka huo Askofu Kasian Spiss, aliyekuwa ameshuka Kilwa na kushika njia ya bara, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili huko Mikukuyumbu, nchi ya Liwale. Misheni za Nyangao na Lukuledi ziliharibiwa. Mwaka 1906 watawa wakaanza upya Ndanda.

Naikumbusha historia hii kwa sababu ya neno «kazi» katika sala yetu. Kwa watu wa nchi hii, miaka ile, kazi haikuwa neno safi. Ilikuwa ni pamba ya akida na kiboko nyuma yake. Je, kazi ya namna hiyo yaweza kutiwa nia njema? Na swali hili lazidi kuuma tufikapo jozi zile za karibu na mwisho, ambapo mwenye kusali aahidi utii na kuyavumilia mateso na matatizo. Nimewasikia wasomi wakisema kwamba mishororo hiyo ilitungwa ili kuwatuliza watawaliwa, na siwezi kuwafukuza kwa dharau. Sala yoyote yenye neno utii yaweza kuwa hatamu mikononi mwa mtu mbaya. Tumeona walimu wakimsomesha mtoto neno hilo kwa mkazo, hali fimbo iko mezani.

Lakini yatupasa kusoma kama ilivyoandikwa. Utii ule waja baada ya sarufi kugeuka. Katika utungo wote hamna «wewe» mwingine ila Mungu. Msimamizi, mwalimu, akida na mume hawamo. Mapenzi yanayotiiwa ni ya yule aliyesemeshwa katika mshororo uliotangulia. Kwa hiyo mwenye kusali hakuahidi kumtii kila apitaye na bakora. Tena aliyekwisha kusema kwamba atazishika amri za Mungu peke yake ana silaha ya kumkatalia akida. Basi lawama ile naitupilia nusu. Nusu nyingine naibakiza, nayo ni hii: utungo haukumsaidia mwenye kusali kuona tofauti hiyo.

Hapo ndipo nilipo na ugomvi na Nia Njema. Hautaji kitu. Sehemu yake ya katikati imejengwa kwa mzizi mmoja wa lugha yetu, mzizi wa -ote: yote hutolewa, popote, kwa namna zote. Hakuna utoaji ulio mwepesi kuliko huo. Atoaye kila kitu kwa neno moja hajaombwa bado kutoa kibaba cha mchele. Mwislamu anayetia nia hutia kwa jambo lililo mbele yake, swala hii, siku hii ya saumu. Na likija jingine, huja na nia yake. Mkatoliki kwa Nia Njema hutia nia moja saa kumi na mbili asubuhi, nayo yapaswa imfikishe hata saa tatu usiku, atakapokumbushwa makosa yake katika sala ya jioni. Fasihi yetu ya ibada ina asubuhi nzuri na ina jioni nzuri. Mchana wake ni mtupu.

Nitalinganisha na kitabu ambacho watawa wa Ndanda huishi kwacho, yaani Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya sita. Kitabu hicho si cha mashairi, na mahali pengine kikavu kama ratiba ya gari la abiria. Lakini chataja vitu! Sura ya 31 yamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Sura ya 35 yapanga zamu za jikoni, na kuamuru taulo zifuliwe na vyombo virudishwe vikiwa safi na vizima. Sura ya 57 ndiyo inishangazayo zaidi: mafundi wa monasteri wakiuza kazi ya mikono yao, wajihadhari na ulafi, na bei yao iwe chini kidogo kuliko ya watu wengine, ili Mungu atukuzwe katika mambo yote. Tazama jinsi maneno «mambo yote» yalivyokuja hapo. Hayakutangulia, yamekuja mwishoni mwa habari ya bei. Benedikto amemfikisha Mungu sokoni kwanza, ndipo akasema yote.

Hapa naomba ruhusa ya kusimulia kisa kidogo cha nyumbani, kwa kuwa bila yake msomaji hataelewa kwa nini jambo hili la vipimo limenikaa rohoni.

Katika nchi ya korosho iko biashara ya siri ambayo siku hizi hujulikana kwa jina la kangomba. Kangomba ni chombo cha kupimia kisicho na mhuri wa Serikali, na kwa chombo hicho mwenye fedha humnunulia korosho mwenye shida, kwa bei ya chini, kabla ya msimu au gizani. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kusini mwaka 2007 ulitungwa, pamoja na mambo mengine, ili kuiziba njia hiyo. Na mwaka 2018, Serikali iliposimamia yenyewe ununuzi wa korosho, wanunuzi wa kangomba walisakwa. Nilipokuwa mtoto hatukuwa na jina hilo nyumbani kwetu. Tulikuwa na kopo. Lilikuwa la bati, limening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Jioni moja alikuja jirani yetu, mama wa Kiislamu, mtoto wake akiwa na homa. Alihitaji nauli ya kwenda hospitali. Alileta korosho ndani ya kanga, akakaa kizingitini. Bibi alilitoa kopo, akapima mara tatu, na kila mara alilijaza mpaka korosho zikafanya kichuguu juu ya ukingo, ndipo akahesabu kuwa ni kopo moja. Hakudanganya kinyume cha desturi. Wote walipima hivyo. Alitoa fedha, akamwambia, «Mwenyezi Mungu amponye, mwenzangu,» na alisema kwa moyo. Kesho yake asubuhi tulisali Nia Njema kama siku zote, nami ndiye niliyezibeba zile korosho na kuzimwaga katika gunia letu.

Sala ilikuwa imesemwa asubuhi ile kabla ya kopo, na ikasemwa tena asubuhi ya pili baada ya kopo, wala neno moja ndani yake halikuligusa kopo lile. Ndiyo maana nasema kuna upungufu katika utungo. Bibi yangu alikuwa mcha Mungu kuliko mimi. Matendo yote alikuwa amekwisha kuyatoa. Lililokuwa limebaki ni kile kichuguu tu.

Mwenzangu mmoja katika idara, ambaye nilimsomea rasimu ya makala haya, alinipinga kwa hoja nzuri. Alisema kwamba sala ikitaja kopo itakuwa ya wenye makopo peke yao. Mvuvi wa Kilwa Masoko, karani wa Lindi na mtawa wa Ndanda wasingeweza kuisema kwa kinywa kimoja. Ujumla wake ndio uliomwezesha kila mtu kuingia. Ni kweli, nami sikupata jibu siku ile. Nilipofika nyumbani nilikumbuka habari ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu'l-Mawahib kwa ajili ya ukarimu wake. Asimulia kwamba Ijumaa moja, sultani alipotoka msikitini kurudi kwake, fakiri mmoja kutoka Yemen alimzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akamwita fakiri azichukue.

Katika kisa hicho swala imekwisha kuswaliwa, na nia yake ilikuwa ni ya jumla kama ya mtu yeyote. Kilichomfanya sultani akumbukwe kwa karibu miaka mia saba si swala ile, bali ni saa ile. Ni fakiri aliyekataa kuambiwa kesho. Lakini sultani alikuwa na Ibn Battuta wa kuiandika saa yake. Bibi wa Lindi mwenye kopo hana. Hapo naona mwenzangu amekosea, ijapokuwa hoja yake ni nzuri: sala yaweza kubaki ya jumla, hapana neno, ila ni lazima pawepo maandiko mengine pembeni yake yanayotaja vitu, kama fakiri alivyosimama njiani. Wabenediktini wanayo Kanuni na husomewa kila siku. Walei wetu wana sala ya asubuhi na sala ya jioni.

Na fasihi yetu ya kidunia haikuwasaidia sana. Uamuzi mkubwa tunao. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, mtu wa Ngarambe akataa mpaka mwisho kulikana neno lake, ingawa kulikana kungemwokoa. Wanafunzi wetu huliandikia insha jambo hilo kila mwaka, na ni haki yao. Hata kumbukumbu ya Ukatoliki wa kusini imeelekea zaidi kule Mikukuyumbu, penye damu. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, imechukua jina lake katika litania ya Bikira Maria. Ni riwaya kubwa, lakini yaenda kwa kasi kuelekea maangamizi, na mtu aendaye kwa kasi hiyo hana nafasi ya kupima kopo. Sijaona bado kwa Kiswahili riwaya ya mtu ambaye katika maisha yake yote hakufanya jambo la ajabu, ila kila siku alichagua kidogo, mara vibaya, mara vizuri, na mwisho wake akawa karibu na Mungu kuliko alivyoanza. Huenda ni kazi ngumu. Mwovu ana kisa. Shahidi ana kisa. Mwenye kupima vema ana nini?

Nami nilikuwa karibu kusema hana kitu, kama nisingalikumbuka mwisho wa habari ya kopo. Siikumbuki siku yenyewe. Ilikuwa kabla ya mvua za masika, na yule mtoto alikuwa amekwisha kupona. Tulikuwa tukisali. Tulipofika mahali pa kazi na pumziko bibi alinyamaza, nami nikanyamaza, nikidhani amesahau. Akaniambia nikalete kopo. Alilijaza korosho kutoka gunia letu, akalisawazisha kwa kiganja mpaka zikalingana na ukingo, akaziangalia zile zilizoanguka mkekani. Akazikusanya. Akaongeza nyingine mara mbili kwa kukisia, akazifunga katika pindo la kanga, akanituma kwa jirani nikaseme kwamba ni zake, zilibaki kwetu. Nilipokuwa mlangoni aliendelea na sala kutoka pale alipoiacha, peke yake, kwa sauti ya chini, naye akifunga mdomo wa gunia.